Nani Kinara? Watu Walioibeba Sanaa ya Kisasa ya Afrika kwa Mifuko Yao

Mchoro hauendi kwenye maonyesho kwa miguu yake. Kuna mtu anayelipia sanduku, bima, ndege, fundi wa kuutundika, taa za kuumulika na mlinzi wa mlangoni. Katika nchi nyingi za Afrika serikali haina fungu la maana la kazi hiyo, kwa hiyo anayetoa fedha ni mtu binafsi: aliona, akapenda, akanunua, na mwishowe akaamua wengine nao waone. Tumewapanga hapa kama timu kwenye ligi. Idadi ya kazi inampa mtu nafasi ya kuingia uwanjani tu. Pointi zinapatikana kazi zinapotoka stoo.

1. Mkusanyiko mkubwa kuliko wote: kazi zaidi ya 10,000

Uwanja wa Azam Complex pale Chamazi una viti 10,000. Ipe kila kazi ya Jean Pigozzi kiti chake, uwanja unajaa na nyingine zinabaki getini. Ndio mkusanyiko unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya binafsi ya sanaa ya kisasa ya Afrika. Ukiamua kuzitazama zote, dakika moja kwa kila kazi, saa 8 kwa siku bila mapumziko ya mchana, utamaliza baada ya wiki tatu!

Mwenyewe ni Mwitaliano aliyezaliwa Paris mwaka 1952, mrithi wa mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Simca. Safari yake ilianza mwaka 1989, Paris ilipoandaa maonyesho ya Magiciens de la Terre yaliyokusanya wasanii zaidi ya 100, karibu nusu yao kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Pigozzi aliyaona, akachanganyikiwa kwa furaha, akamtafuta André Magnin, mmoja wa walioyaandaa. Wakakubaliana: Magnin asafiri na kutafuta wasanii, Pigozzi alipe. Mikoba ya Magnin ikaanza kurudi na picha za Seydou Keïta wa Bamako, michoro ya Chéri Samba wa Kinshasa, na sura za madumu za Romuald Hazoumè wa Benin.

Sisi wa huku tuna watu wetu humo. Yumo George Lilanga, Mmakonde wa Masasi aliyeanza kama mlinzi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam akaishia kuwa msanii anayetafutwa na majumba ya Ulaya. Yumo Richard Onyango wa pwani ya Kenya, mwenye turubai kubwa za mabasi na za mpenzi wake Drosie. Mkusanyiko huu umetandazwa Houston na Monaco mwaka 2005, Bilbao mwaka 2006, na katika jumba la Fondation Louis Vuitton, Paris, mwaka 2017. Kwa orodha hiyo ya kumbi, hana mpinzani.

Ila anashikilia na rekodi ya umbali. Kwa maneno yake mwenyewe, kwa miongo mingi amekusanya bila kufika katika nchi wanakotoka wasanii hao. Makao ya mkusanyiko ni Geneva. Kijana wa Masasi anayetaka kuona kazi za Lilanga zilizoko huko anahitaji viza. Hapo Pigozzi anapoteza pointi, na si chache.

2. Jiji refu kuliko daladala: mita 5.7

Pima Toyota Hiace ya daladala tuliyoizoea: haifiki mita 5 na nusu. Sasa pima Ville Fantôme, jiji alilolijenga Bodys Isek Kingelez wa Kongo mwaka 1996. Urefu mita 5.7, upana mita 2.4, na majengo yake marefu yanakaribia kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa? Karatasi, maboksi, plastiki, na vitu ambavyo sisi huvitupa jalalani tukishamaliza kunywa soda.

Inama uitazame kwa karibu. Ghorofa zimepakwa rangi ya waridi, kijani na dhahabu, kila moja na umbo lake, hakuna mbili zinazofanana. Kingo za karatasi zimekatwa kwa wembe zikanyooka kuliko kuta nyingi za zege. Kuna barabara pana, madaraja, viwanja, nyota juu ya mapaa. Kituo cha polisi hakuna wala kambi ya jeshi, maana msanii alisema wakazi wa jiji lake wanaishi kwa amani na hawahitaji. Mikono iliyokata hayo yote ilikuwa imefanya kazi ya kukarabati vinyago katika makumbusho ya taifa mjini Kinshasa.

Kingelez alifariki mwaka 2015. Mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA, New York, likamfanyia maonyesho makubwa ya peke yake, na Ville Fantôme ikasafiri kutoka mkusanyiko wa Pigozzi kuwa kitovu cha ukumbi. Jiji zima la maboksi kuvuka bahari bila kuvunjika mnara: fikiria gharama ya kulifunga tu.

3. Kazi moja yenye vipande vingi: kadi 449

Alfabeti ya Kilatini ina herufi 26. Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d'Ivoire aliwatungia Wabété mwandiko wao, kisha mwaka 1990 na 1991 akauchora kwenye kadi 449, kila moja ndogo kama postikadi, kila moja na picha yake kwa kalamu ya rangi. Kwa michoro yake ya awali alitumia maboksi ya nywele za bandia. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka inayokaribia au kupita 90.

Mwaka 2019 Pigozzi aliipa MoMA kazi 45. Miaka mitatu baadaye, 2022, jumba hilo likamwandalia Bouabré maonyesho yake mwenyewe, na kadi hizo zikapangwa ukutani safu kwa safu. Kazi 45 kati ya 10,000 ni chini ya nusu asilimia. Lakini kila moja sasa iko mahali ambapo haitauzwa kwa mnada wakati warithi wakigombana.

4. Jengo kubwa kuliko yote: mita za mraba 9,500

Kiwanja cha mpira chenye vipimo vya kimataifa kina mita za mraba 7,140. Zeitz MOCAA ya Cape Town ina 9,500, zimepangwa kwenye ghorofa tisa. Ndilo jumba kubwa kuliko yote duniani lililotengwa kwa ajili ya sanaa ya kisasa ya Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika. Lilifunguliwa Septemba 2017, kwa gharama ya randi milioni 500 zilizotolewa na kampuni ya V&A Waterfront, yenye eneo hilo la bandari. Mjerumani Jochen Zeitz, aliyewahi kuongoza kampuni ya viatu ya Puma, alileta kilichokuwa kinakosekana: mkusanyiko wake, kwa mkopo wa muda mrefu.

Na jengo lenyewe lina historia ya kushindana. Lilikuwa ghala la nafaka la miaka ya 1920, lenye urefu wa mita 57, wakati wake likiwa refu kuliko jengo lolote Afrika kusini mwa Sahara. KICC ya Nairobi, yenye mita 105, ilikuwa bado haijaota hata kwenye karatasi. Ndani kulikuwa na mapipa 42 ya zege yaliyosimama wima, yamebanana. Mbunifu Thomas Heatherwick alichukua punje moja ya mahindi, akalikuza umbo lake hadi likalingana na jengo, kisha mafundi wakalikata umbo hilo katikati ya zege. Ukisimama chini ukatazama juu, unaona mapipa yamepasuliwa kama bua la muwa. Siku za ufunguzi, katikati ya uwazi huo lilining'inia ndege-joka la msanii Nicholas Hlobo, lenye mbawa za mpira na utepe.

Zeitz ana rekodi ya pili, na hiyo iko kwetu. Eneo lake la Segera, Laikipia, lina ekari 50,000, sawa na kilomita za mraba 200 na ushei. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina kilomita za mraba 117. Humo kazi za sanaa ya Afrika zinakaa jirani na tembo. Ni bustani ya sanaa yenye uwanja mpana kuliko zote katika orodha yetu, ingawa mgeni anayefika huko ni yule mwenye uwezo wa kulipia. Kwa Cape Town tunampa Zeitz kombe la jengo bila ubishi. Kwa Laikipia tunasubiri siku mabasi ya shule yatakapokuwa yanaingia kila wiki.

5. Mwafrika aliyetoa kazi nyingi kwa mkupuo: 1,000

Prince Yemisi Shyllon wa Nigeria, mhandisi, mwanasheria na mwana wa ukoo wa kifalme wa Abeokuta, alianza kununua sanaa akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ibadan. Hakuacha. Mkusanyiko wake umevuka kazi 7,000, na hakuna mtu binafsi Nigeria anayetajwa kuwa na zaidi. Tazama moja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, utahitaji miaka 19.

Kisha akafanya jambo ambalo matajiri wengi hulizungumza tu. Alikipa Chuo Kikuu cha Pan-Atlantic, Lagos, kazi 1,000 pamoja na fedha za kujenga makumbusho, na mwaka 2019 milango ikafunguliwa. Linganisha: Pigozzi 45 kwenda New York, Shyllon 1,000 kwenda Lagos. Mara 22! Na mwanafunzi wa uhasibu anayetoka darasani anaweza kuingia humo kabla ya kwenda kula.

6. Subira ndefu kuliko zote: miaka 112

Biennale ya Venice, miongoni mwa maonyesho makubwa ya sanaa duniani, ilianza mwaka 1895. Banda la Afrika kama bara lilipatikana mwaka 2007. Miaka 112: aliyezaliwa siku ya kwanza angekuwa na vitukuu.

Kazi zilizojaza banda hilo zilitoka mkusanyiko wa mtu mmoja, Sindika Dokolo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1972 kwa baba Mkongomani na mama wa Denmark. Alianza kukusanya akiwa na miaka 15. Venice alifika akiwa na 35. Mkusanyiko wake, wenye kazi zaidi ya 3,000, aliuweka Luanda, akisema waziwazi kwamba sanaa ya Afrika ikae Afrika. Wakfu wake uliibeba pia Trienale ya Luanda, na yeye mwenyewe aliwafuatilia wauzaji wa Ulaya ili vinyago vya Wachokwe vilivyoibwa Angola virudi makumbusho ya Dundo.

Hapa lazima tuseme na upande wa pili, kwa sababu ni mzito. Wakati ule ule wa Venice watu waliuliza fedha zinatoka wapi, kwani mkewe alikuwa Isabel dos Santos, binti wa rais wa Angola. Desemba 2019 mahakama ya Angola iliamuru mali za wawili hao zizuiwe, na Januari 2020 zikavuja nyaraka za Luanda Leaks kuhusu biashara zao. Wote wawili walikana kufanya kosa. Dokolo alifariki Oktoba mwaka huo akipiga mbizi Dubai, akiwa na miaka 48. Rekodi ya Venice inabaki kwenye vitabu. Swali la fedha nalo linabaki, na mimi siwezi kulifuta kwa uzuri wa michoro.

7. Mwanzilishi mdogo na umati mkubwa

Marie-Cécile Zinsou alizaliwa mwaka 1982. Mwaka 2005, katika umri ambao wengi bado wanazungusha barua za maombi ya kazi, alifungua Fondation Zinsou mjini Cotonou, Benin, kwa fedha za familia. Maonyesho ya kwanza aliyatoa kwa Romuald Hazoumè, mtu wa nyumbani. Kisha akaleta Cotonou kazi za mchoraji Mmarekani Basquiat. Kiingilio? Bure. Tangu siku ya kwanza, bure.

Matokeo yake ni namba inayotikisa orodha hii nzima. Mwaka 2006 alipoonyesha vitu vya mfalme Béhanzin vilivyoazimwa kutoka Ufaransa, waliingia watu wapatao 275,000 katika miezi mitatu. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa hadi kiti cha mwisho, utoe watu, uujaze tena, mara nne, na mara ya tano zaidi ya nusu! Kwa siku ni watu kama 3,000, mabasi 50 yaliyojaa. Kweli, vitu vile vilikuwa vya kale na si sanaa ya kisasa. Lakini mlango uliowapokea ni ule ule uliojengwa na sanaa ya kisasa, na waliouzoea walirudi. Wanaosema Waafrika hawaendi kwenye maonyesho wajibu kwanza namba hiyo.

Mwaka 2013 akaongeza makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini Ouidah, ndani ya Villa Ajavon, jumba la mwaka 1922.

8. Mabadilishano makubwa kuliko yote

Robert Devereux, Mwingereza aliyekuwa katika uongozi wa Virgin na mwenye makazi Lamu, alikuwa na mkusanyiko wa sanaa ya Uingereza ya baada ya vita. Novemba 2010 aliupeleka kwenye mnada wa Sotheby's, London. Ukaleta zaidi ya pauni milioni 4, na fedha zikaingia katika mfuko wa kusaidia wasanii wa Afrika, The African Arts Trust. Waliofaidika ni pamoja na 32° East ya Kampala, mahali ambapo msanii anapata chumba cha kufanyia kazi. Mkusanyiko wake mpya, wa Kiafrika, akauita Sina Jina, na mwaka 2017 ukaonyeshwa Cambridge.

Wengine wote hapa waliongeza. Huyu aliuza alichokuwa nacho ili aanze upya.

9. Bei iliyoruka juu kuliko kadirio: zaidi ya mara 20

Novemba 2019, New York, mchoro The Conservationists wa Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi anayechora juu ya lubugo, gome la mti kutoka Uganda, ulikadiriwa dola 50,000 hadi 70,000. Ukauzwa milioni 1.5.

Mnada wa namna hiyo humlipa aliyenunua mapema akauza. Cha kufurahisha ni alichofanya Armitage mwenyewe: mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, na Januari 2022 likafunguka kwa umma na maonyesho ya Sane Wadu, mkongwe aliyestahili heshima hiyo muda mrefu.

10. Mkongwe wa wote: Joseph Murumbi

Pigozzi alipoanza mwaka 1989, Joseph Murumbi alikuwa ameshamaliza. Alizaliwa mwaka 1911 kwa baba Mgoa na mama Mmaasai, akawa waziri wa mambo ya nje wa Kenya, kisha makamu wa rais kwa miezi michache ya mwaka 1966. Akaiacha siasa, akaenda kwenye mapenzi yake. Mwaka 1973, yeye, mkewe Sheila na rafiki yao Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyokusanya kazi za bara zima chini ya paa moja. Miaka 16 kabla ya Paris. Miaka 44 kabla ya Cape Town.

Vitabu vyake peke yake vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 vilikuwa zaidi ya 8,000. Weka juu yake vinyago, nguo, vito, stempu na michoro. Wanunuzi wa nje walimfuata kwa fedha nyingi. Akawakatalia, akaiachia serikali ya Kenya kwa bei nafuu, kwa matumaini kwamba nyumba yake ya Muthaiga ingekuwa taasisi ya utafiti. Nyumba ilibomolewa. Hasara hiyo haina kipimo cha kulinganisha nayo, na inauma hadi leo.

Lakini mkusanyiko upo. Uko Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya, kwenye ukumbi wa chini unaoitwa Murumbi Gallery. Huhitaji viza ya Uswisi wala chumba cha Segera. Maelfu ya watu hupita mbele ya mlango huo kila asubuhi wakikimbilia matatu. Kwa kuanza mapema, kwa kukataa fedha kubwa na kwa kuziacha kazi hizo nyumbani, kombe la jumla tunampa yeye. Ukifika katikati ya Nairobi siku ya kazi, ingia.